Ridhaa ya Mtu kwa Maneno Asiyoyajua

Katika mambo ambayo watu wa miji yetu ya pwani huyaona kuwa madogo, hali ya kuwa ni makubwa, ni hili la kutia saini katika karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza cha biashara. Mtu mwenye akili zake timamu, ambaye hanunui mchele bila ya kuutia kiganjani na kuupuliza, huletewa karatasi nane zilizojaa maandishi asiyoyafahamu, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia saini, akatia, kisha akenda zake. Ukimuuliza, "Mmeandikiana nini na watu wale?" hukujibu, "Ni mambo ya kawaida tu." Lau angalinunua mbuzi kwa namna hiyo, watu wa mtaa wangalimcheka mwaka mzima. Kwa kuwa ni karatasi, hapana anayemcheka, kwani wengi wetu tumefanya kama alivyofanya yeye.

Swali tunalotaka kulitazama ni hili: Je, mtu huyo ameridhia? Na ikiwa hakuridhia, lawama ni ya nani? Ni yake yeye aliyeacha kujifunza, au ya yule aliyemwandikia, au ya yule aliyekuwapo akijua kisha akanyamaza?

Tumelazimika kuliuliza kwa ajili ya jambo lililotokea karibu nasi. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliitwa na mwana wa nduguye aende naye mahali anapokopa fedha za kuagiza bidhaa. Aliambiwa kuwa patahitajiwa mtu mzima mwenye heshima zake wa kumsimamia kijana. Mzee akavaa kanzu yake, akachukua bakora, akenda. Alidhani kuwa amekwenda kushuhudia kwamba kijana yule ni mtu wa watu na mwenye tabia njema. Katika karatasi palikuwa na neno "guarantor", na mbele yake mstari, na mzee akaandika jina lake juu ya mstari ule kwa khati nzuri ya watu wa zamani. Biashara ya kijana haikusimama. Walipokuja kudai, hawakwenda kwa kijana asiyekuwa na kitu. Walikwenda kwa mzee. Hapo ndipo alipojua kwamba hakuwa shahidi bali mdhamini, na kwamba deni lote, pamoja na nyongeza zake, limemwangukia yeye. Mpaka hivi leo yuwalilipa, kidogo kidogo, kutokana na kodi ya vyumba viwili alivyopangisha.

Na sehemu iliyotukaa moyoni zaidi ni hii. Mmoja wetu, katika sisi tunaosoma pamoja, alikuwako siku ile. Alimwandama mzee kwa heshima, kama ilivyo desturi, ili asende peke yake. Kiingereza akijua. Neno lile aliliona na maana yake akaifahamu, na akanyamaza. Alipotuhadithia alisema kwamba alichelea kuonekana kuwa amfunza mzee mbele ya wageni, na akajiambia moyoni kuwa huenda mzee yuajua afanyalo. Ametupa idhini ya kuyaandika haya bila ya kumtaja jina.

Kwanza tuangalie ridhaa yenyewe ni kitu gani. Qurani, katika Sura ya Nisaa, imekataza watu kuliana mali zao kwa batili, ikavua biashara iliyo kwa kuridhiana. Wanazuoni wakaweka ijabu na kabuli, yaani tamko la mwenye kutoa na tamko la mwenye kukubali, kwa sababu ridhaa ni siri ya moyo na haionekani. Tamko ni dalili yake tu. Ulimi husema "nimekubali" ili watu wajue kilichomo ndani. Sasa ikiwa ndani hamna kitu, kwa kuwa mwenyewe hakufahamu alichoulizwa, basi tamko lile latoa khabari ya nini? Ni bahasha isiyokuwa na barua.

Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kauli yenye nguvu ni kwamba kipofu hauzi wala hanunui kwa nafsi yake kitu kinachohitaji kuonekana. Huweka wakili mwenye macho. Hukumu hiyo ni ya kitu chenyewe kinachouzwa, si ya karatasi, nasi hatuipanui hukumu hiyo. Twachukua mfano tu. Lakini mfano wake watufaa. Mbele ya ukurasa wa Kiingereza, mtu asiyekijua ni kipofu, hata akiwa na macho ya kuona jahazi lililo mbali kwenye upeo wa bahari.

Tena iko ile aya ya deni katika Sura ya Baqara, ambayo ndiyo aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani. Watu huitaja kwa ajili ya kuandikiana na kwa ajili ya mashahidi, na wachache husimama pale panapotajwa ni nani atakayemwambia mwandishi la kuandika. Si mwenye kukopesha. Ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa. Yeye ndiye atakayesema, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Na ikiwa ni mpungufu wa akili au mnyonge au hawezi kusema mwenyewe, basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake. Msomaji na alinganishe mpango huo na desturi ya leo. Leo mwenye fedha huandika kila kitu kwa lugha yake, kwa herufi ndogo atakazo, na mwenye kubeba mzigo hubakishiwa mstari mmoja mwishoni mwa karatasi. Jambo limegeuzwa kichwa chini miguu juu, nasi tumelizoea hata twaliona ndilo la kawaida.

Hayo ndiyo yaliyo baina ya mtu na dhamiri yake. Ama mbele ya kadhi wa serikali, mambo ni mengine kabisa, na hapa twataka msomaji atulie.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, ambayo ni Sura ya 23 katika sheria zetu, imefuatisha sheria ya Kiingereza katika mlango huu. Na sheria ya Kiingereza imeshikilia kwamba saini ndiyo ridhaa. Mwaka 1934 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya bibi mmoja, jina lake L'Estrange, aliyekuwa na mkahawa katika mji wa Llandudno, Wales. Bibi huyo alinunua mashine ya kuuzia sigara akatia saini karatasi ya rangi ya kahawia iliyokuwa na maandishi madogo. Mashine ikawa haifanyi kazi. Alipokwenda kudai haki yake alionyeshwa kwamba katika yale maandishi madogo alikuwa amekubali kuwa muuzaji hachukui dhamana yoyote. Akasema hakuyasoma. Majaji wakajibu kwamba mtu akishatia saini, maadamu hakudanganywa, ameshikwa na aliyoyatilia saini, akiwa ameyasoma au hakuyasoma. Na huyo alikuwa ni mtu aliyezungumza Kiingereza tangu utotoni mwake!

Iko nyingine iliyo chungu kuliko hiyo. Bibi kizee wa miaka 78, jina lake Gallie, miwani yake ilikuwa imevunjika. Akaletewa hati ya nyumba yake na mtu aliyeambatana na mwana wa nduguye. Akaambiwa kuwa hati ile ni ya kumpa mwana wa nduguye nyumba. Kumbe ilikuwa ni ya kumuuzia yule mtu mwingine, naye akaiweka nyumba rehani. Kesi ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo, na mwaka 1970 majaji wakasema kwamba hati yashika na mwenye kukopesha ana haki yake. Msomaji ataona kwamba miwani iliyovunjika haikumwokoa, wala umri, wala hadaa aliyofanyiwa na mtu mwingine asiyekuwa yule mwenye kukopesha. Basi mzee wetu wa mtaani, mwenye macho mazima, atakuwa na udhuru gani mbele ya mahakama za namna hiyo? Sheria yetu hiyo ya mikataba yasema pia kwamba dhamana ya deni la mtu mwingine haishiki kwa maneno matupu, ni lazima iwe kwa maandishi yaliyotiwa saini. Maana yake ni kwamba khati ile nzuri juu ya mstari ule ndiyo iliyokuwa jambo lote. Kabla yake mzee alikuwa huru, na baada yake akawa mdaiwa.

Jirani zetu wa Uganda wana sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, na ndani yake asiyejua kusoma si yule tu asiyejua herufi. Ni mtu yeyote asiyeweza kusoma na kufahamu lugha ambayo karatasi ile yenyewe imeandikwa. Kwa kipimo hicho, mwanachuoni aliyehifadhi Qurani nzima na kufasiri vitabu vikubwa, akipewa hati ya Kiingereza asiyoifahamu, huhesabiwa mbele ya hati ile kuwa hajui kusoma. Twaona kuwa tafsiri hiyo ni ya haki, wala hapana tusi ndani yake.

Wala mtu asidhani kwamba haya huwapata wanyonge tu. Mwezi wa Mei 1889, Menelik wa Uhabeshi aliandikiana na Italia mapatano ya Wuchale kwa lugha mbili. Kifungu cha 17, kwa Kiamhari, kilisema kwamba mfalme *aweza* kuitumia serikali ya Italia katika mazungumzo yake na mataifa mengine. Kwa Kitaliani kilisomeka kwamba *amekubali kulazimika*. Kwa tofauti ya tamko hilo Italia ikatangaza kuwa Uhabeshi iko chini yake. Menelik akayakana mapatano, na jambo likaishia vitani Adwa mwaka 1896, ambako Wataliani walishindwa. Menelik alikuwa na jeshi la kulisahihisha kosa la tarjuma. Mangungo wa Msovero, aliyewekeana mkono na Karl Peters mwaka 1884 katika karatasi ya Kijerumani, hakuwa nalo, na jina lake limebaki midomoni mwa watu wa Tanganyika kuwa mfano wa kila mkataba mbovu. Mzee wetu naye hana jeshi.

Huenda msomaji akasema: Dawa yake ni nyepesi, na tuandikiane kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imeifanya lugha yetu kuwa ya taifa na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kweli, na sisi tuko pamoja na mwenye kusema hivyo, na kila mwenye duka aweza kuanza leo katika shughuli zilizo baina yake na jirani yake. Lakini muuzaji wa Guangzhou hatamwandikia mtu wa Mombasa kwa Kiswahili, wala mwenye meli, wala mwenye bima. Mwenye kungojea mpaka ulimwengu ujifunze lugha yake atangojea sana, na huku karatasi zatiwa saini kila siku.

Wako na wanaosema kwamba kujifunza maneno ya biashara ya Wazungu ni kujifananisha nao. Hawa hatuna haja ya kuwajibu kwa maneno makali. Twawakumbusha tu kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na imani nao katika barua zake, na Zaid akajifunza kwa muda wa nusu mwezi. Sababu iliyotajwa si kupenda lugha ya watu, wala si kujionyesha. Ni kutotegemea tarjuma ya yule ambaye maslaha yake ni mbali na maslaha yako. Tena na tuyaangalie maneno tunayoyatumia wenyewe sokoni. Bei, faida, rehani na dalali yametoka Uarabuni. Hundi, cheti, laki, karani na bima yametoka upande wa Bara Hindi. Wazee wetu waliofanya biashara kwa pepo za kusi na kaskazi hawakuona haya kulichukua neno la mgeni, wakalijua hasa maana yake, wakalifanya lao. Sisi ndio tulioanza kulichukua neno la mgeni bila ya maana yake.

Maneno yenyewe si mengi kama watu wanavyoogopa. Mwenye duka hahitaji Kiingereza cha Shakespeare. Yahitajika maneno kama sitini hivi, lakini yajulikane sawasawa, kwani yana mitego.

Chukua neno "offer", ambalo watu hulifasiri kuwa ni bei anayotaja mtu. Mwaka 1840 bwana mmoja aitwaye Wrench alimtakia Hyde shamba lake kwa pauni 1,000. Hyde akasema, nitakupa 950. Mwenye shamba akakataa. Hyde akafikiri, akarudi, akasema, haya, nimekubali ile 1,000 yako. Wrench hakumwuzia, na mahakama ikampa haki Wrench. Yasema sheria ile kwamba ulipotaja 950 uliiua ile 1,000. Haiko tena, mpaka mwenyewe aifufue. Kwetu sisi, mtu hutajiwa bei, akashusha, akaondoka hatua tatu, akaitwa, akarudi, akapanda, na mwisho wakapatana, na hapana aliyeudhika. Hata fiqihi yetu yataka kabuli ilingane na ijabu, lakini sokoni watu husameheana. Katika barua za Kiingereza hakuna hatua tatu. Mtu aliyeandika kwa mzaha bei ya chini, akitarajia kuitwa, huenda asiitwe.

Na kubwa kuliko hilo ni neno "accepted". Sisi Mashafii tunayo khiyari ya majlisi: wauzianao wana hiari ya kuvunja maadamu hawajaachana, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Hakim bin Hizam. Mtu amekubali, kisha kabla ya kuinuka moyo wake ukageuka; ana haki ya kuvunja. Sheria ya Kiingereza haina kitu hicho. Neno likishatoka na likamfikia mwenziwe, mlango umefungwa, hata ikiwa bado mmekaa na chai haijapoa. Ndugu zetu wengi husema "yes, accepted" kwa adabu, maana yao ni "nimekusikia", wakidhani kuwa bado wana nafasi ya kwenda kushauriana na watu wa nyumbani.

Neno "deposit" nalo limewatia watu khasarani. Anayenunua kiwanja hutoa, kwa kawaida, asilimia 10 ya bei. Hudhani kuwa ni sehemu ya bei iliyotangulia, na kwamba akishindwa kumaliza atarejeshewa chake. Kwa maana ya sheria ile, fedha hizo ni arubuni: ukishindwa wewe, zimekwenda. Katika madhehebu yetu arubuni ya namna hiyo haijuzu, na jambo hilo lataka makala yake peke yake. Hapa twasema tu kwamba mtu hawezi kulikataa sharti ambalo hajui kuwa amelitia saini.

Tena ziko zile herufi tatu, CIF, ambazo kila mwenye kuagiza mali huzitamka: gharama, bima na nauli. Ni katika masharti yanayotolewa na Chama cha Wafanyabiashara cha Kimataifa kilichoko Paris, tangu mwaka 1936. Mtu wa Mombasa akiona pameandikwa CIF Mombasa hufahamu kwamba mali iko mikononi mwa muuzaji mpaka ifike Kilindini. Sivyo. Muuzaji hulipa nauli na bima mpaka Kilindini, lakini khatari ya mali humhamia mnunuzi tangu pale mali inapopakiwa melini huko ilikotoka. Ikiharibika njiani imeharibika mali ya mnunuzi, naye hatamdai muuzaji bali atawadai wenye bima. Na bima ambayo muuzaji alazimika kuitia ni ile ya daraja ya chini kabisa, ambayo haimlipi mtu hata kwa wizi, illa wakiwa wamepatana zaidi. Tumewaona watu wazima, wenye miaka thelathini katika biashara, wakilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza na wakashika vichwa.

Ama lile la dhamana, pamoja na neno "guarantor" msomaji na atafute mahali palipoandikwa "jointly and severally". Maana yake ni kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Wadhamini wakiwa watano, mdai hana haja ya kuwagawanyia deni sehemu tano. Aweza kumshika mmoja tu, yule mwenye nyumba, akamdai lote.

Maneno ya adabu hatutayarefusha. Mwingereza akisema barua yako wataizingatia, mara nyingi ameshakataa. Watu wetu hulalamika kuwa huo ni unafiki. Lakini kabla ya kulalamika tujiulize sisi tumelifanya nini neno la Inshaallah, ambalo limekuwa kwetu ndilo namna ya kumwambia mtu "la" huku tukitabasamu.

Mpaka hapa tumewalaumu wasiojua. Sasa twageukia wanaojua, na kwao maneno yetu ni mazito zaidi.

Kijana akishajifunza Kiingereza cha biashara amepata kitu kama kisu. Wako wanaokitumia kwa kumenyea chungwa na wako wanaokitumia kwa jirani. Tazama neno lenyewe la Kiingereza lenye maana ya mapatano lilivyokuwa lilipoingia kwetu likawa "dili". Kwao ni neno safi. Kwetu, mtu akisema ana dili, msikiaji huangalia kulia na kushoto. Neno halikuharibika njiani. Tuliliharibu sisi baada ya kulipokea, kwa kuwa waliotangulia kulijua walilitumia kuwala wasiolijua. Tumemwona dalali akimfasiria bibi mjane hati ya shamba, akafasiri kila mstari kwa ufasaha, na mstari mmoja akauruka. Huyo hakusema uwongo hata neno moja. Khiyana yake yote imo katika ule mstari alioupita kimya, na hapana mahakama itakayoiona.

Watu huuliza, "Je, nina wajibu wa kumfunza mshindani wangu? Katika kupatana bei kila mtu hutazama maslaha yake." Jawabu yetu ni kuwa yapo mambo mawili, na lazima yatenganishwe. Kiasi gani uko tayari kukubali, na haja yako ni kubwa namna gani, hayo ni yako, na hapana anayekulazimisha kuyatangaza. Kupatana kumejengwa juu ya kufichana hayo, na tangu zamani watu wema wamefichana. Lakini maana ya maneno mnayoandikiana si siri ya mmoja wenu, ni ardhi mliyosimama wote wawili. Ukijua kuwa mwenzio anatia saini kwa kuamini kuwa neno lina maana moja, hali ya kuwa lina nyingine, basi hukupatana naye. Umepatana na ujinga wake, na ujinga hauna mali ya kuuza. Alikuwako mtu zama za Mtume aliyekuwa akipunjwa katika mauziano, akaamriwa aseme kila anapouziana kwamba pasiwe na hadaa. Hakuambiwa aache biashara kwa kuwa si hodari. Wenzake ndio waliotiwa mpaka.

Basi ndugu yetu yule aliyenyamaza, ana makosa? Tulikhitalifiana. Wako katika sisi waliosema kwamba yeye hakuwa upande wowote katika mkataba ule, hakufaidika na kitu, na adabu kwa mzee ni jambo lililotukuka. Sisi tunaoandika haya, baada ya kufikiri, hatukubaliani na kauli hiyo. Adabu ya kumwachia mzee aanguke shimoni ili asione haya ya kushikwa mkono haiwezi kuwa adabu. Mwenye kuhifadhiwa hapo ni kijana, si mzee. Angaliweza kumnong'oneza. Angaliweza kusema kwamba mzee amechoka na karatasi zitasomwa nyumbani, neno ambalo lisingalimvunjia mtu heshima. Lakini pia twasema kwamba hakuzua ukimya ule yeye. Sisi ndio tuliomlea kuona kuwa mdogo mwenye kumwambia mkubwa "hapa pana jambo" ni mtovu wa adabu. Na mzee naye, ambaye hadi sasa hajamlaumu mtu ila nafsi yake, ana sehemu yake, kwani aliona haya ya kuuliza, "Neno hili maana yake nini?" Haya hiyo ya kuuliza imetugharimu mali nyingi katika pwani hii. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipowataka watu wa pwani walete madai yao yaandikwe, wako waliokaa majumbani wasijue kilichotakiwa, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Wajukuu wao ndio wanaoitwa leo maskwota.

Kwa hivyo tumeazimia kuwa kila Jumanne, baada ya sala ya Isha, tukae saa moja kusoma karatasi za biashara: mkataba wa kukodi duka, fomu ya mkopo, barua ya kuagiza mali, na hata yale masharti ya mikopo ya simu ambayo watu huyakubali kwa kubofya. Patasomwa mstari mmoja mmoja kwa Kiingereza, kisha maana yake kwa Kiswahili, na asiyefahamu atasimamisha mpaka afahamu. Wanawake wamewekewa Alkhamisi alasiri, na mwalimu wao ni mwanamke aliyefanya kazi ya ukarani wa bandari miaka mingi. Hapana malipo. Mwenye karatasi yake mwenyewe na aje nayo, hata ikiwa ameshaitia saini, na majina ayafunike. Atakayeona haya kuuliza mbele ya watu na aje mapema kabla ya wenzake. Atamkuta ndugu yetu yule, kwani yeye ndiye aliyejitolea kufungua mlango, na mzee amekwisha kusema kuwa atakuja.